Swali la Ajali

Karakana nzima ilimwita fundi huyu Daktari. Gari likiletwa linakohoa, hakukimbilia kufungua kitu. Aliegemeza ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini akaubana sikioni, akafumba macho. "Beringi ya pili hiyo. Imekwisha." Wakifungua, ni ya pili, na imekwisha.

Kwa hiyo lori la muuza mbao liliporudi likivutwa kwa mnyororo, kranki, mhimili wa injini, imekatika, watu walishikwa na bumbuwazi. Daktari alikuwa amelisikiliza mwenyewe na kulipitisha. Wenzake wakamlaumu dereva, wengine wakalaumu mafuta. Yeye alinyamaza. Aliichukua bisibisi yake, akaenda kwenye gari lililokuwa likiunguruma, akasikiliza. Alichopata ni mvumo mmoja tu, kama maji yanayochemka chumba cha pili. Nyundo, kompresa na mashine ya kukata chuma vilikuwa vimemla masikio kidogo kidogo, naye muda wote akidhani watu wa siku hizi wananong'ona.

Hakumwambia mtu. Fundi asiyesikia injini ana kazi gani tena? Umri ulikuwa umekwenda, na ufundi mwingine hakuujua. Mlango mmoja ulibaki wazi: msimamizi wa karakana alikuwa anastaafu, na msimamizi hasikilizi injini, husimamia wanaozisikiliza. Daktari akamfuata mwenye karakana.

"Bosi, kile kiti nakitaka."

Bosi alikuwa na sauti nene, ya kusikika. "Mikono yako haina mjadala. Lakini pale sitaki mikono. Nataka mtu wa kupanga kazi ya wiki nzima, ajue nani apewe gari gani na kwa nini. Stoo isikauke spea. Mteja akija amechemka, akae naye mpaka apoe. Awaongoze watu bila matusi, na jioni kila mtu arudi kwake mzima. Hayo yanafundishwa. Nenda chuo cha ufundi, Jumamosi kuna darasa la wasimamizi. Ukimaliza muhula nitawasaili, wewe na Dada Gia."

Dada Gia alikuwa fundi wa sanduku la gia, na aliyemfundisha kazi ni Daktari mwenyewe.

Chuoni alikaa mbele kabisa, magoti yakigusana na meza ya mwalimu. Vijana wakasema mzee ana kiherehere. Kompyuta ilimtesa, vidole vyake vilibonyeza herufi mbili kwa mpigo, na aliyekuwa jirani yake akawa anacheka chini chini. Hata hivyo kupanga kazi kulimfungua macho. Miaka yote alidhani magari yanachelewa kwa uvivu wa mafundi, kumbe watatu walikuwa wakiisubiri jeki moja asubuhi ile ile. Alijikuta Jumatatu akiichora karakana kichwani, nani hapa, nani pale, na kwa muda mfupi hofu ikamwachia.

Kisha likaja somo la usalama. Mwalimu aliandika ubaoni kwa herufi kubwa: KELELE. Akabandika picha ya sikio lililopasuliwa katikati, akaonyesha vinyweleo vidogo vya ndani. Daktari alisoma midomo yake neno kwa neno: vikifa, havioti tena. Alinyanyuka, akatoka hadi kwenye bomba la uani, akafungulia maji na kunawa uso, akanawa, akanawa.

Nyumbani mkewe alikuwa amekaa kwenye cherehani. Alisimama, akaja kukaa mbele yake, uso kwa uso.

"Baba Pacha, waambie."

"Niwaambie nini?"

"Mwaka mzima naongea na kisogo chako. Unadhani sijui? Wanao wanakuita mpaka wanachoka, wanadhani umewanunia. Mwambie bosi kabla hajagundua mwenyewe."

"Nikisema, nimekwisha."

"Na usiposema?"

Alikuwa ameshainama akifungua kamba za viatu. Mama Pacha hakujua kama amekataa kujibu au hakusikia.

Siku ya usaili bosi alimleta mtaalamu kutoka nje, mzee mpole aliyeongea huku mkono uko kwenye ndevu. Midomo haikuonekana. Maswali ya kupanga kazi aliuliza bosi, Daktari akayajibu vizuri, hata akatabasamu. Halafu yule mzee mpole akauliza, "Ikitokea ajali karakanani kwako, cha kwanza utafanya nini?"

Daktari alisikia ajira.

"Nitachagua vijana wenye nguvu," akasema kwa kujiamini. "Niwajaribu miezi mitatu. Wasiofaa, nawarudisha kwao."

Bosi alianza kucheka, akidhani ni utani, kisha akauona uso wa Daktari, kicheko kikakatika. Akageuza kiti, akampa mgongo, akasema neno. Daktari hakuitika. Akalisema tena.

Alipogeuka, Daktari alikuwa ameshika kichwa. "Lile lori," bosi akasema taratibu, "ulilisikiliza kwa masikio gani?"

Ndipo Daktari akasema yote, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, hata mafundi nje waliacha kazi.

Kiti alipewa Dada Gia. Daktari alikaa nyumbani akiutazama ukuta, hataki kula, hataki kuonekana. Dada Gia alimfuata huko huko. Hakumwonea huruma, ila alisimama penye mwanga ili midomo yake ionekane.

"Shikamoo, mwalimu. Stoo imevurugika, hakuna anayejua kilichopo na kilichokwisha. Njoo unishikie. Injini sitakupa."

"Umenitupa stoo."

"Ndiyo. Na chuo usiache."

Alienda, kwa kuwa pa kwenda hapakuwepo. Siku nyingi za kwanza aligeuzia mlango mgongo asiyaone magari. Chuo aliendelea nacho, bado mbele kabisa, ingawa hakuna aliyemwahidi kiti tena. Uchungu haukumtoka. Amri aliyojipa mwenyewe ni moja: fundi akija kuchukua jiwe la kukatia chuma bila vizibo vya masikio, haondoki nalo. Wengine humtukana waziwazi, wakijua hasikii. Yeye huwatazama midomo, husoma kila tusi mpaka mwisho, kisha huwanyooshea vizibo.