Kiuno cha Suruali ya Kijivu

Fundi cherehani huyu ameshona nguo za watu miaka ishirini na sita, na kitambaa hakijawahi kumdanganya. Kilichokuja kumdanganya ni suruali ya mumewe.

Mambo yalianza siku mumewe alipotoka kupimwa presha. Mume huyo, mtunza ghala, mtu wa maneno matamu na tumbo linalomtangulia mlangoni, alirudi nyumbani amenywea.

"Mama watoto, muuguzi kasema nipunguze mwili, la sivyo sifiki mbali. Kuna watu wanakula kuanzia saa sita mchana mpaka saa kumi na mbili jioni, basi. Peke yangu siwezi. Tufunge wote, tuzeeke pamoja."

Mkewe alikuwa mwembamba, hana hata kilo moja ya kupoteza. Lakini maneno kama hayo mke anayakataaje? Akakubali.

Ikawa miezi minane. Asubuhi tumbo lilinguruma kushinda cherehani, wateja wakacheka, naye akacheka nao. Siku moja, kwa kizunguzungu, alishona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto, ikabidi afumue. Magauni yake mwenyewe aliyapunguza mara mbili. Harufu ya chai ya jirani ilimtoa machozi, tena machozi ya kweli, si mchezo. Kila alipotaka kukata tamaa alimfikiria bwana yule kule ghalani akivumilia njaa kama yeye, basi akanywa maji akaendelea.

Na bwana je? Suruali zilimkaa vizuri, zikaanza hata kupwaya. "Umeona?" alisema akijigeuza mbele ya kioo. Mkewe akataka kuipunguza ile ya kijivu kiunoni. "Iache ipwaye, niione faida yangu." Hapo ndipo fundi alipokosea, kosa ambalo hata muuza mkate, asiyejua nguo, asingelifanya: aliiangalia suruali, hakumwangalia aliyeivaa.

Jumamosi moja alikuwa anaifua suruali hiyo, akaigeuza ndani nje. Nyuma ya kiuno, pale alipoacha kitambaa cha akiba kwa mkono wake mwenyewe, akiba haikuwepo. Mtu ameifumua na kuitumia yote kutanua kiuno. Uzi ulikuwa mweusi, na mwisho wa mshono pamefungwa fundo. Yeye hafungi fundo hata siku moja. Hurudisha mshono mara tatu. Mkono ule aliujua. Ulikuwa wa fundi wa mtaa wa pili, mwanamke waliyejifunza naye kazi chumba kimoja. Akaenda vilevile, mikono ina povu.

"Shoga, mimi nilidhani unajua," mwenzake alisema, akaacha kukanyaga cherehani. "Kaniletea zote nne nimtanulie. Alisema una kazi nyingi, hataki kukusumbua."

"Alikuwa anakuja saa ngapi?"

"Asubuhi, akishakunywa chai hapo mgahawani. Chai, mkate na mayai."

Alirudi nyumbani kwa hasira. Chai angempikia mwenyewe, angeomba tu. Kilichomchoma ni kuachwa na njaa peke yake, huku mtu akipita mlango wa fundi mwingine ili uongo wake umkae vizuri mwilini.

Mume hakukana. "Wiki mbili za kwanza nilifunga, kweli tena. Halafu nikashindwa. Na wewe ulikuwa unanisifu kila siku, nikaona aibu."

"Ungeniambia ningekucheka jioni moja, yakaisha. Presha yako ikoje sasa?"

Hakuijua. Hakuwa amerudi kupimwa tangu siku ile ya kwanza.

"Nisamehe, mke wangu. Kesho tuanze upya, wote wawili."

"Kesho mimi nakunywa chai asubuhi. Wewe nenda kwa muuguzi, na ukitaka kufunga, funga."

"Peke yangu?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa na woga wa kweli.

"Mimi nimekuwa peke yangu miezi minane."