Mwisho wa Kitabu cha Nne

Jumamosi iliyopita nilikuwa katikati ya mji, pale kwenye vitabu vya kuinama. Unavijua, vile vilivyotandazwa juu ya magunia kando ya barabara, usipopinda mgongo huoni kitu. Nilikuwa natafuta kitabu cha hesabu cha mwanangu, nikaangukia kitabu cha nne cha hadithi niliyoisoma utotoni, kile cha mwisho. Jalada la zambarau limechanika, na yule msichana bado amesimama darajani na taa yake. Moyo ulinipasuka. Muuzaji akaniambia, "Chukua hiyo, madam, ni tamu sana." Tamu! Nilikilipia upesi nikakitumbukiza mkobani nisikione tena.

Ngoja nikueleze, maana kwa miaka hii yote sijamwambia mtu.

Tulikaa mtaa wa Mountain View, nyumba ya chini yenye geti jeusi, honi za barabara kuu ya Waiyaki Way zikiingia hadi jikoni. Wazazi wangu walifanya kazi Westlands, wanatoka asubuhi na mapema, wanarudi wamechoka hata kusalimiana. Aliyenilea hasa ni anti, aliyeajiriwa hapo nyumbani. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, mikono inanuka kitunguu na sabuni ya kipande, na mdomo, woi! Akikukuta umeacha sahani chafu mezani, utasemwa hadi ujute kuzaliwa, kisha anakupakulia chapati ya pili bila kuulizwa.

Saa kumi nikitoka shule nilikuta chai ya maziwa na mandazi, naye amesimama na pasi, rundo la nguo kando yake. "Haya, leta hao watu wako," angesema. Kiingereza cha vitabu kilimshinda, kwa hivyo mimi nilikuwa nasoma kwanza, halafu nakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kumsimulia kwa Kiswahili. Ilikuwa hadithi ya msichana anayetunza taa kwenye daraja, na kijana wa watu wa upepo aliyempenda, watu wasioweza kukaa mahali pamoja. Anti aliwachukulia kama majirani. "Ati wamebusiana? Na mamake yuko wapi? Huyo anahitaji kiboko, haki ya Mungu!" Kesho yake yeye ndiye wa kwanza kuniuliza wamefikia wapi. Siku yule kijana alipotekwa, kola ya shati la baba iliungua kabisa, tukalificha chini ya gunia la mahindi. Tulicheka hadi tukashika mbavu.

Na anti naye alikuwa na mpenzi wake. Huyo alikuwa shamba boi, mtunza bustani wa nyumba moja kubwa huko Lavington. Boi, na ndevu zake zote. Walikutana kanisani. Jamaa akapata kazi ya ulinzi Dubai, akamwambia ni miaka miwili tu. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili. Baadaye ikawa mara moja kwa mwezi. Baadaye tena, ukimtaja, anti anakwambia mtandao wa huko ni mbaya.

Wakati huo huo kulikuwa na fundi wa mbao wa Kangemi, mpole, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, aliyekuja kutengeneza mlango wa kabati la jikoni. Mlango huo uliharibika mara nne mwezi mmoja, na mama hakuelewa kwa nini. Sisi wawili tulielewa. Fundi akamwambia anti wazi kwamba anataka kumwoa, waanze maisha, na kwamba angependa jibu Jumapili.

Kitabu cha nne kilikuwa kimefika wiki hiyo. Anti aliniambia, akicheka nusu, "Ebu tuone kwanza huyu wa taa atafanya nini." Lakini pasi alikuwa ameisimamisha wima, na mimi nikajua hafanyi mzaha.

Nilikuwa nimeshakimaliza. Kitabu kinasema hivi: msichana anangoja kurasa mia mbili, halafu anapata habari kuwa yule kijana alioa ng'ambo zamani. Analia, anaizima taa, anashuka darajani na kwenda kuishi na mhunzi aliyekuwa akimtengenezea ile taa miaka yote. Huo ndio mwisho. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja lakini sikuwa mjinga. Nilijua nikisoma hivyo, Jumapili anti anaenda zake Kangemi, na mimi nitakuwa nikifungua ile nyumba tupu saa kumi, peke yangu.

Nikamwambia, "Alingoja, anti. Miaka saba. Watu wakamcheka. Halafu akarudi."

"Alirudi kweli?"

"Alirudi. Akamkuta na taa inawaka."

Anti alilia waziwazi, akajifuta kwa leso, akaniambia Mungu anibariki. Jumapili alimkataa fundi. Fundi alioa mwaka uliofuata.

Nami nilipata nilichotaka. Nilipata chai yangu na mandazi yangu mpaka nilipomaliza kidato cha nne, mama akamwambia anti kazi imeisha, naye akafunga vitu vyake kwenye mfuko mmoja wa plastiki. Leo hata nyumba yenyewe haipo. Wamejenga fleti za orofa saba, na pale jikoni petu wanaegesha magari. Nimepita mara nyingi nikitafuta la kusikitikia, na ninachokikosa zaidi ni ile harufu ya nguo zenye joto na mtu anayenisubiri nimalize sentensi.

Kesho yake baada ya kukinunua, Jumapili, nilikibeba kitabu hadi Kangemi nikamwambie anti ukweli. Siku hizi anaishi huko, anafulia watu nguo. Mvi zimejaa, mume hana, mtoto hana. Simu tatu zimemharibikia lakini laini hajabadilisha, eti mtu asije akampigia asimpate. Alinipokea kwa shangwe, "Mami! Umekonda, kwani huli?" akaweka chai.

Mlangoni alikuwa amekaa binti wa nyumba ya pili, macho mekundu, simu mapajani. Mpenzi wake ameenda Saudia, hapigi tena. Kuna mwalimu anayetaka kumwoa na wazazi wanamsukuma. Anti akaanza kumsimulia. Alikumbuka kila kitu, daraja, upepo, miaka saba, na alikisimulia vizuri kuliko nilivyowahi kufanya mimi. Nilitaka kumkatiza. Nilifungua mkoba, nikakishika kitabu, nikakitoa nusu.

"Si mimi ninayesema, ni kitabu," anti akamwambia, akaniwekea mkono begani. "Muulize huyu, yeye alikisoma na Kiingereza chake. Mwambie, mami. Si alirudi?"

Alikuwa akinitazama kwa furaha, na nikaona kwamba nikimwambia la, sitakuwa nimemrudishia fundi wala ujana wake. Nitakuwa nimemnyang'anya hata hicho alichobaki nacho.

"Alirudi," nikasema.

Binti akashusha pumzi, akapangusa macho, akasema basi, atamwambia mwalimu atafute mwingine.