Ndege ya Ndinda na Tangi Lake

Ndinda anatengeneza pikipiki pale Ruiru, na mambo ya kabureta usijaribu kumfundisha. Vijana wa boda wakimletea pikipiki iliyogoma, yeye hutega sikio tu, bisibisi mkononi, na kabla hajaigusa ameshajua shida iko wapi. Sasa mtu kama huyo ashindwe na injini inayoenea kwenye kikombe cha chai?

Alishindwa, na ilimuuma sana. Ndege yake ndogo ya mbao, ile anayoiongoza kwa rimoti, ilimchukua miaka miwili kuiunda. Chini iliwaka vizuri kabisa. Ikishaacha nyasi na kuinua pua, injini inakohoa na kuzima. Ilikuwa imeanguka mara mbili kwenye malisho ya Mzee Wainaina kule Juja, mara ya pili hatua chache tu kutoka kwa ng'ombe mwenye mimba. Mzee hakufoka.

"Mama Mwendwa," alimwambia Ndinda, akimwita kwa jina la mwanawe, "ikizima tena hapa kwangu, utafute uwanja mwingine."

Na uwanja mwingine uko wapi siku hizi, jamani, kila kipande kimeota fleti?

Ijumaa Ndinda alifunga kazi mapema. Akaiwasha ndege, akaishikilia kwa nyuma. Ikilala sawa, inanguruma. Akiielekeza pua juu, inazima. Alirudia mara tano, kama mtoto aliyegundua swichi ya taa. Akakagua ule mpira wa kufyonza mafuta ndani ya tangi, na kile kipande kizito cha shaba kwenye ncha yake, kinachoyafuata mafuta popote yanapolalia. Kilikuwa huru. Basi ni nini?

Akakalia pikipiki ya mteja, akawaza. Akatazama tangi lililokuwa mbele ya tumbo lake, akatazama la ndege. Yote mawili yalikaa juu ya kabureta inayoilisha injini.

"Ai, Ndinda," akajisemea, "kumbe umeunda boda yenye mabawa."

Pikipiki mafuta huishukia yenyewe, na haisimami kwa mkia. Kwenye ndege, tangi lile la juu lilikuwa likiifurikia injini, naye alikuwa amekaza skrubu ya kabureta ili kuyapunguza mafuta. Pua ikiinuka, tangi linabaki nyuma na chini, na hayo kidogo aliyoyaacha hayafiki. Alicheka peke yake, kisha akakata mbao, akashusha tangi hadi likalingana na kabureta, akalizungushia sponji ya godoro ili mtetemo usiyatie mafuta povu, akarekebisha skrubu upya.

Jumapili ndege ilipanda wima bila kukohoa. Ndinda akaizungusha, akaipindua, akaipandisha tena, akasahau saa, akamsahau hata Mzee aliyesimama kando na fimbo yake. Halafu, ikiwa juu kabisa, kukawa kimya.

Akaiteremsha bila injini, ikaelea, ikawapita ng'ombe, ikatua ikiparuza nyasi. Mzee akamfikia.

"Imezima," alisema.

Ndinda alifungua kifuniko, akachomoa tangi, akalitikisa karibu na sikio. Hakuna hata tone. Tangu aiunde, ndege hiyo haikuwahi kumaliza mafuta yake. Akamkabidhi Mzee tangi.

Mzee akalitikisa naye, akasikiliza.

"Hii haijaharibika," akasema. "Hii ina njaa. Jumapili ijayo uje na mafuta ya kutosha."