Machi za Opal Tharpe pale Lake Tansey

Opal Tharpe alizaliwa Lake Tansey, katikati ya Florida, mji ambao kwa miezi kumi ulikuwa na machungwa, joto na kanisa, na kwa wiki chache za mwanzo wa mwaka ulikuwa na Wahunzi. Hilo ndilo jina la timu ya besiboli iliyokuja kila Februari kutoka mji wa viwanda kule kaskazini, ikikimbia theluji, ijinyooshe viungo kabla ya msimu kuanza. Mechi za Machi hazikuhesabiwa popote. Aliyeshinda hakupata kitu na aliyeshindwa hakulia. Lakini waulize watu wa Lake Tansey wa umri wa Opal mwaka kwao ulianza lini, hakuna atakayekutajia Januari.

Mwaka 1968 Opal alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, mfanyakazi wa kiwanda cha kufungasha machungwa. Siku za mechi, yeye na wenzake walitoka kazini mikono ikinuka maganda, wakaenda moja kwa moja kwenye mabenchi ya mbao kando ya kituo cha tatu, kimojawapo cha vituo ambavyo wachezaji hukimbilia. Kiongozi wao alikuwa Shangazi Zula, dada wa baba yake Opal, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya ziwa. Yeye ndiye aliyemfundisha Opal kwamba mtu hakai upande ule akanyamaza. Mchezaji lazima achokozwe kidogo, ajue amekuja kwa watu.

Machi hiyo kulikuwa na mdakaji mmoja kijana, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kudaka mipira inayorushwa. Aliitwa Casimir Dudek, mtoto wa mchimba makaa ya mawe kutoka Pennsylvania. Alikuwa na mabega mapana, na mgongoni namba sabini na tatu. Namba kubwa kama hizo hupewa watu ambao fulana zao zitahitajika na mwingine muda si mrefu. Alasiri moja mpira uligongwa ukapaa wima, ukaanza kushuka upande wa mabenchi. Dudek akavua kinyago chake cha kukinga uso akaukimbilia huku akitazama juu, asione ukingo wa mabenchi uko wapi. Alipogonga ukingo alipinduka mzima mzima, akaangukia mapajani pa Opal, na karanga zake za kuchemsha zikatapakaa kila mahali. Mpira wenyewe ulianguka mabenchi mawili nyuma.

"We kaka!" Opal akapiga kelele. "Mpira uko kule! Mimi nafanana na mpira?"

"Samahani dada," Dudek alisema, akijaribu kuinuka huku karanga zikipondeka chini ya viatu vyake.

"Samahani ya nini? Wakikufukuza njoo kwetu kwenye machungwa. Tunaajiri hata wasiojua kudaka!"

Upande mzima wa kituo cha tatu ukaangua kicheko. Shangazi Zula alicheka hadi akashikilia ubavu. Dudek mwenyewe alisimama pale, karanga moja imenasa kwenye ukosi, akatabasamu. Halafu akarudi mahali pake, akachuchumaa, mchezo ukaendelea.

Wiki ile ile, asubuhi, Opal akiwa anachagua machungwa kwenye mkanda, msimamizi alimwita. Kuna mgeni getini. Alikuwa Dudek, na begi lake begani.

"Natafuta yule dada mwenye mdomo," alisema.

"Wenye midomo hapa tuko wengi. Yupi?"

"Mwenye karanga."

Opal alilitazama begi, akaelewa. Wakuu wa timu walikuwa wamemwita ofisini asubuhi ile, wakamshukuru, wakamwambia kiti chake kwenye basi kina mtu mwingine. Kurudi kwao maana yake ilikuwa kushuka shimoni alikokuwa ameshuka baba yake, akapanda juu na kifua kilichoharibika. Opal aliona haya. "Nilikuwa natania tu, kaka," alisema.

"Najua. Lakini mnaajiri au hamwajiri?"

Waliajiri. Dudek alianza kwa kupakia makasha kwenye malori, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amemwoa Opal. Wakapanga nyumba ndogo ya mbao mtaa wa nyuma ya uwanja. Alikuwa mume mpole, asiye na maneno mengi. Angeweza kula chakula cha jioni akazungumza sentensi mbili, na moja iwe ya kuomba chumvi.

Machi ilipofika, hakwenda uwanjani. Opal alimwalika, akasema ana kazi. Machi iliyofuata vilevile. Siku za mechi alibaki uani akikwangua rangi ya baraza ambayo haikuhitaji kukwanguliwa, na kelele za watu zilimfikia pale pale, kila moja. Opal akirudi, alimwuliza jambo moja tu: "Nani alirusha leo?" Opal akamtajia, naye akaendelea kukwangua.

Shangazi Zula hakuwa mtu wa kuzunguka. "Huyu mumeo ana ugomvi na uwanja?" aliuliza.

"Hana ugomvi, Shangazi."

"Basi ana nini? Mtu hafukuzwi mara moja akaendelea kufukuzwa kila mwaka."

 Alichohisi, na hakumwambia mtu, ni kwamba Cas, kama alivyomwita mumewe, hakujua kama alionewa au la. Labda siku moja zaidi ingetosha. Labda ule mpira wa karanga ndio uliomponza. Alilala na swali hilo na kuamka nalo, na Opal alilala kando yake.

Machi ya nne mambo yakageuka. Kiwanda kilikuwa na desturi ya kuwapelekea Wahunzi kasha la machungwa mazuri kila mwaka. Safari hii dereva aliumwa, msimamizi akawatuma Opal na Cas na lori dogo. Cas alitaka kushusha kasha mlangoni na kuondoka. Lakini kocha mmoja mzee, Hanratty, mtu wa miguu ya matege aliyekuwepo tangu enzi za Cas, alikuwa amesimama pale pale akitukana peke yake. Wadakaji wakubwa walikuwa wameondoka na basi kwenda kucheza mji mwingine. Aliyebaki kwa mchezo wa akiba, ule unaochezwa kwenye kiwanja cha nyuma bila watazamaji, amevunjika kidole sasa hivi.

Hanratty alimtazama aliyebeba kasha. "Dudek! Ulijificha wapi, bwana?"

"Sijajificha. Niko kwenye machungwa, hapo nyuma tu."

"Magoti yako mazima?"

"Yananisimamisha."

"Basi weka hayo machungwa chini uvae. Nina vijana wanataka kurusha, na hakuna wa kuwadakia."

Cas alimgeukia Opal. Macho yake yalikuwa kama ya mtu aliyeitwa jina na polisi. Opal aliona kwamba anatafuta kisingizio, na kwamba kisingizio anachokitafuta ni yeye.

"Usinitazame mimi," akamwambia. "Ukikataa leo, utalala na makasha."

Akavaa. Suruali ilikuwa fupi na kinga ya kifua ilinuka jasho la mtu mwingine. Opal alipindua kasha tupu akalikalia karibu na wavu, na kwa mara ya kwanza tangu waoane akamwona mumewe akifanya kazi yake. Kilichomshangaza si mikono bali mdomo. Cas alikuwa anaongea! Hakunyamaza hata kidogo. "Haya mdogo wangu, taratibu, hapa hapa, usimwangalie yeye, niangalie mimi. Safi! Umeona? Sasa nipe kama ule." Kijana mmoja aliyekuwa anatetemeka akirusha mipira ukutani, alitulia pole pole kama farasi aliyepata mtu anayemjua. Opal aliweka mkono mdomoni. Miaka yote hiyo alikuwa amekula mezani na mtu huyu, kumbe maneno yake yalikuwa yamebaki huku.

Zamu yake ya kupiga ilipofika, alipunga gongo mara tatu, mara tatu akapiga hewa. Vijana wakacheka, naye akawainulia kofia. Baadaye alirusha mpira mmoja wa haraka kutoka magotini mpaka kituo cha pili, ukamwahi mkimbiaji aliyejaribu kukinyakua, akatolewa mchezoni, na Hanratty akapiga makofi mawili. Mchezo ulipokwisha walipeana mikono. Hakuna aliyemwambia kesho aje.

Ndani ya lori Cas alikaa na vumbi usoni, ufunguo mkononi, asiwashe.

"Unajua nini?" alisema. "Sikuwa mbaya."

"Hukuwa mbaya."

"Ila yule kijana aliyevunjika kidole, nimemtazama pale kando akirusha kwa mkono mzima. Yule ananizidi. Na yeye ni wa akiba." Akaugeuza ufunguo kiganjani. "Sikuwa mzuri wa kutosha, Opal."

Opal alitaka kumbishia, akaona asimbishie. "Hapana," alisema. "Hukuwa."

Cas akaanza kucheka. Alicheka kichwa kikiwa juu ya usukani hadi machozi yakachora michirizi kwenye vumbi, na Opal akacheka naye, lakini machozi yake mwenyewe hakuwa na hakika ni ya nini. Jioni ile mumewe alisimulia mezani mpaka supu ikapoa.

Tangu hapo hakukosa Machi hata moja. Alikaa kituo cha tatu kati ya mkewe na Shangazi Zula, miguu juu ya ukingo, na wao walipochokoza, yeye alinong'ona: "Mwacheni huyo, goti linamwuma," au, "Huyo mchokozeni, mvivu." Wazee mashabiki wa kaskazini waliokuja na misafara yao ya magari walimjua, wakamletea soseji za kwao. Watoto wawili wa Opal walikulia chini ya mabenchi yale, na Shangazi Zula alicheka kicheko chake cha mwisho cha hadharani pale pale, Machi moja ya mvua, kabla ya moyo wake kuchoka.

Halafu timu ikahama. Arizona waliwajengea uwanja mpya, na Lake Tansey haikuwa na cha kushindana nao. Siku ya mechi ya mwisho watu walibaki vitini wakati taa tayari zinazimwa, na hakuna aliyejua nani awe wa kwanza kuinuka. Cas akainuka, akampa Opal mkono. Hakuishi miaka mingi baada ya hapo. Alikufa kitandani kwake, mwezi wa Oktoba, na Opal alishukuru kwamba haikuwa Machi.

Binti yake Shangazi Zula, Ludie, ndiye aliyemlazimisha kwenda Arizona mara moja, wajionee. Walikuta milima mikavu, viti vya kukunja, vivuli vya turubai, bia ya bei ya kutisha. Opal, kofia yake kuukuu kichwani, alinyamaza zamu kadhaa. Kila kitu kilikuwa kizuri na hakuna kilichonuka chungwa.

"Tumevuka nchi nzima uje kuwa bubu?" Ludie alimwuliza.

Mzee mmoja nyuma yao aliinama mbele. "Samahani, mama. Hiyo kofia ni ya Lake Tansey, sivyo?"

"Ndiyo yenyewe."

"Ah! Pale karanga za kuchemsha zilikuwa zinauzwa na mama mmoja mwenye jicho la kioo..."

"Bi Eula! Na jicho lenyewe alikuwa akilitoa akikuona una haraka!"

Basi ikawa hivyo. Mzee akahamia kiti cha karibu, mkewe naye, kisha wawili wengine kutoka safu ya juu waliosikia jina la mji. Wakataja kocha Hanratty na miguu yake, harufu ya kiwanda upepo ukigeuka, mvua iliyozamisha uwanja, na mdakaji wa machungwa ambaye mzee yule alikumbuka kumwona akikaa na wanawake wawili wenye kelele.

"Yule alikuwa mume wangu," Opal alisema, akavua miwani akaifuta.

Ludie aliporudi na vinywaji aliuliza matokeo ni ngapi. Walitazamana. Hakuna aliyejua, na wachezaji walikuwa wameshaanza kukusanya magongo.