Faini ya Shangazi

Mimi ni mtu wa kukereka upesi, na wa kwanza kunikera ni mimi mwenyewe. Watoto wa kipaimara ninaowafundisha usharikani hawalijui hilo. Wananiona nimesimama mbele yao na shati lililopigwa pasi, nawaambia kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, mwenye macho na asiye nayo, nao wanaitikia amina huku wakichungulia mpira unaochezwa nje.

Huku kwetu milimani, juu ya Same, maji ya shamba ni kazi ya wote. Tunalo bwawa la kukusanyia maji, tunaliita ndiva, na likijaa tope hupigwa mbiu ya msaragambo: kila nyumba itoe mtu. Siku hizi tangazo hutumwa pia kwenye kundi la simu, lakini mpiga mbiu bado hupita akiita nyumba kwa nyumba. Asiyekuja kazini, jioni yake watu humwendea kwa vicheko na kelele, wakabeba wanachokikuta, jogoo, ndoo, hata kiti. Mwenye nyumba hupiga ukelele, huwatukana kidogo, kisha hukikomboa kitu chake kwa mkungu wa ndizi. Nimewahi kutozwa faini hiyo na mimi, na nilitukana vizuri tu.

Mwaka huu nilichaguliwa kusimamia msaragambo. Shangazi yangu, dada yake marehemu baba, anaishi peke yake kwenye mteremko chini ya kanisa. Macho yalimwisha kidogo kidogo, na sasa haoni hata mwanga. Nilimwambia mpiga mbiu airuke nyumba ile. Nilijiona mtu wa huruma, nikasali sala ndefu kuliko kawaida yangu.

Siku ya kazi tulisimama mstari mrefu kutoka katikati ya ndiva hadi ukingoni, tukipokezana karai za tope mkono kwa mkono. Walikuwapo wazee kumzidi shangazi. Kazi yenyewe haihitaji macho hata kidogo: unanyoosha mikono, unapokea, unageuka, unatoa. Niliona hivyo tangu asubuhi. Nilinyamaza kwa sababu kumfuata wakati ule kungekuwa kukiri mbele ya watu kwamba sikufikiri. Tulipomaliza tulikula makande pamoja, nami nikajaza bakuli nikampelekea.

Nilimkuta ameketi mlangoni, sufuria yake kubwa ameiweka nje, imesuguliwa ikang'aa.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Uko na nani?”

“Niko peke yangu. Nimekuletea makande.”

“Makande ya nini? Mimi sikufanya kazi.” Akaipapasa sufuria, akaisogeza mbele yangu. “Sikuja msaragambo. Chukueni.”

Nilimwambia yeye hatozwi, tumemwondoa kwenye kazi, apumzike.

“Jana nimesikia nyumba zote zinaitwa,” alisema. “Kwangu kimya. Nikadhani nimekufa, ila hawajaniambia tu.”

Nilicheka. Yeye hakucheka.

“Huyo Mungu unayewafundisha watoto kwamba tumefanana naye, alifanya kazi siku sita, akapumzika moja. Mimi umenipa Jumapili ya wiki nzima. Sasa nimefanana na nani?”

Niliona haya, na kwa haya hizo nikafanya jambo la kijinga zaidi: niliiinua ile sufuria. Nikasema haya basi, shangazi, nakutoza. Niliisikia sauti yangu mwenyewe, ile ninayobembelezea watoto.

“Iweke chini,” alisema. “Wenzangu hutozwa na kundi zima, kwa kelele, mpaka majirani wanatoka kuchungulia. Wewe umekuja peke yako, unanong'ona. Nenda kawaite.”

Nikaiweka. Nilimwahidi nakwenda kuwaita, na nilikusudia kweli. Lakini ili niwaite ilinipasa nieleze kwa nini nyumba ile ilirukwa, na nani aliamuru. Niliwakuta bado wako ndivani, wanaosha majembe, wanataniana. Nyumba nyingine zote zilikuwa zimetoa mtu; walikuwa wananisubiri mimi tu niseme kama yuko wa kutozwa. Nikawaambia asanteni kwa kazi nzuri, hakuna wa kutozwa leo, tukapumzike.

Wakati wa kurudi kwangu nilishika njia ya juu, ile ya kuzunguka, nisije nikapita mlangoni kwake. Kutoka kule juu nilimwona. Watu walikuwa wanashuka kwa makundi kwenye njia inayopita mbele ya nyumba yake, wanaongea kwa sauti, na kila kundi lilipokaribia, shangazi alisimama, akaikumbatia sufuria yake kwa mikono miwili, tayari kuwatukana.