Jina Chini ya Makala

Wapo hadi leo mjini Hämeenlinna, katika nchi ya Wafini, wanaosema kwamba Iida Sarvanto alijaribu kuiba maandishi ya mtu mwingine. Hakuiba. Nyumba ya Sarvanto imetoa wachungaji watatu na haijatoa mwizi.

Iida alikuwa mwalimu wa shule ya wasichana, hakuolewa, akiishi kwa kaka yake, Mchungaji Kustaa. Kwa miaka saba, kila Alhamisi baada ya shule, alivuka daraja kwenda kwa Bibi von Rehnskär, mwenye gazeti la haki za wanawake na mhariri wake. Gazeti lilikuwa la Kifini, ila Bibi mwenyewe alilelewa kwa Kiswidi, na Kifini chake kilimtosha kuagiza kuni tu. Yeye aliandika mambo yake kwa Kiswidi. Iida akayageuza yakawa maneno ya Kifini ambayo mke wa mkulima angeyasoma huku akisubiri mkate uumuke. Kisha alisahihisha karatasi za majaribio kutoka kwa mchapaji. Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kuzigusa kabla gazeti halijachapwa.

Kustaa aliruhusu kwa sharti moja. "Jina la baba nisilione humo, pembeni ya matangazo ya sabuni."

Mwaka wa saba Iida aliandika makala yake mwenyewe, juu ya mwanamke aliyesoma, mwenye mshahara wake, ambaye barua zake hufunguliwa kwanza na kaka yake. Bibi aliisoma mara mbili.

"Iida mwanangu, hatujawahi kutoa kitu kama hiki."

"Basi naomba jina langu liwekwe chini yake, Bibi."

Bibi akakoroga kahawa. "Nilimpa kaka yako neno langu kwa barua."

"Kaka nitasema naye mwenyewe."

"Na watu je? Wakijua unaandika namna hii, wataanza kuuliza Kifini changu kinatoka wapi. Vumilia. Hili ni gazeti la wanawake wote."

"Mimi si mmoja wao?"

"Wewe ni mkono wangu wa kulia," alisema Bibi, akidhani amemsifu.

Nyumbani, Kustaa hakuinua hata uso. "Kwa umri wako, dada, jina huandikwa kaburini." Akacheka peke yake.

Bibi na Kustaa hawakuwahi kusalimiana barabarani. Juu ya Iida walikubaliana bila kukutana.

Karatasi za majaribio zilipokuja, Iida aliongeza mstari mmoja chini ya makala: Iida Sarvanto. Mchapaji aliujua mwandiko wake, akapanga herufi kama alivyoona.

Kwa siku tisa alikuwa mwandishi. Mama mmoja wa kijiji cha Kangasniemi alimwandikia kwamba aliisoma makala kwa sauti mbele ya kaka zake wanne, na hakuna aliyethubutu kumkatiza.

Siku ya kumi Kustaa aliweka gazeti mezani. "Kwa hiyo kaka huyo ni mimi."

"Sikutaja mtu."

"Ulipoweka jina letu, ulinitaja."

Akavaa koti lake la manyoya, akavuka daraja. Alikaa kwa Bibi nusu saa, akarudi ametulia.

Alhamisi iliyofuata Bibi alimpa Iida karatasi yenye mistari miwili ya Kiswidi: jina lililoonekana chini ya makala katika toleo lililopita liliwekwa kwa makosa, makala ni ya mhariri.

"Igeuze tu kwa Kifini, mwanangu, yaishe."

"Na nikikataa?"

"Itatoka kwa Kifini changu mimi. Watanicheka mimi kwanza, kisha watawacheka hao wanawake wako wanaotusoma."

Iida alimfikiria yule mama wa Kangasniemi. Akakaa, akaigeuza kwa Kifini kisicho na doa.

Barua ya pili kutoka Kangasniemi ilikuwa fupi. Yule mama alisema kaka zake walimlazimisha awasomee masahihisho pia, kwa sauti ileile. Walicheka hadi wakati wa chakula. Aliomba asitumiwe tena gazeti.