Wino wa Nyumba Yenye Moshi

Mke wangu alirudi kutoka kwao Nainokanoka na picha aliyoifunga kwenye kipande cha kanga, akaiweka juu ya kaunta ya steshenari yetu hapa Karatu, mbele ya mteja aliyekuwa anasubiri fotokopi.

"Mama anauliza," alisema, "mwanawe anaumwa?"

Niliifungua. Ilikuwa picha ya shemeji yangu, kitinda mimba wa nyumba ile, niliyompiga mwenyewe asubuhi aliyoondoka kuhamia Handeni na familia na ng'ombe wake. Nilikuwa nimeichapa nyeusi na nyeupe. Shuka yake nyekundu ikichapwa kwa rangi inakula kila kitu; jicho linaanzia kwenye shuka na kuishia kwenye shuka, na mimi nilitaka mama yake abaki na uso. Sasa kijana alikuwa mwekundu kama udongo wa shambani kwetu, na mashavu yalikuwa yameanza kutoweka. Macho yalibaki peke yake, yanaelea.

Tulimpigia simu pale pale. Mzima wa afya, analalamikia mbu. Mke wangu akampigia jirani wa mama yake mwenye simu, wakaongea Kimaasai kwa kirefu, akakata na kutikisa kichwa. Mama alikuwa amesikia lakini hakuridhika. Sauti ya simu inakuja na kuondoka, picha anaishi nayo ndani. Kila akiamka anaona mwanawe amepungua tena kidogo, na mama gani atamwona mtoto anapungua hivyo asiamini kuwa ni mgonjwa na watu wanamficha? Alikuwa halali. Chakula alikuwa anaonja tu.

Kwa Wamaasai kitinda mimba ndiye anayebaki na mama yake. Huyu hakubaki, na mama hakukubali kuhama. Sitaki kuingia kwenye mambo hayo ya watu kuhamishwa hifadhini, yana wasemaji wake. Nasema tu kwamba yule mama alikuwa amebakiwa na karatasi, na karatasi yenyewe ilikuwa inamkimbia.

Nilitaka kuchapa nyingine siku hiyo hiyo. Mke wangu akanizuia.

"Itakufa vilevile. Wewe unajua kwamba anaifukizia?"

Sikujua. Kibuyu cha maziwa kule husafishwa kwa kijinga cha mzeituni wa porini. Kinachomwa, kinasuguliwa ndani, moshi unakaa, maziwa hayaharibiki. Mama mkwe wangu alipoona picha inaanza kubadilika alifanya kile ambacho mikono yake imekifanya maisha yote kwa kitu asichotaka kiharibike. Aliifukizia. Ilivyozidi kufifia ndivyo alivyozidi kuifukizia. Nilicheka mpaka mteja wa fotokopi akacheka bila kujua anacheka nini. Mke wangu hakucheka, nami nikaacha.

Nieleze kidogo kuhusu mimi na mama mkwe wangu. Mimi ni Mwiraqw, mtoto wa wakulima wa mahindi na maharage, lakini nilipooa kule nilikubali heshima za kule. Jina lake halijawahi kutoka kinywani mwangu. Tunaitana Paker, yeye kwangu na mimi kwake, kwa ajili ya kondoo niliyempa wakati wa posa. Na ndani mwake siingii. Nikifika naketi kwenye kigoda nje, yeye yuko ndani, tunasalimiana kupitia mlangoni kila mmoja akitazama upande wake. Kwa hiyo ukuta niliopaswa kuutafutia wino sikuwa nimewahi kuuona.

Nilianza na kile nilichokuwa nacho. Printa yangu ya dukani ni ya matangi ya wino, ya kuchapia vyeti, kadi za harusi na picha za pasipoti. Kijivu chake si kijivu. Inachanganya bluu, nyekundu na njano mpaka jicho lidanganyike. Moshi ukaila bluu kwanza, ndiyo maana shemeji akawa mwekundu. Nikaiambia mashine itumie wino mweusi peke yake. Ikatoa uso wenye vidoti kama umenyunyiziwa pilipili manga.

Nikajaribu karatasi ya kung'aa, ile wanayoipenda wateja wote. Mke wangu akaipeleka. Ikarudi na ripoti kwamba masizi yamenata juu yake, na kwamba karibu na moto ngozi yake ya plastiki imejikunja kama ukoko wa uji.

"Kwani ameiweka wapi?" niliuliza.

"Jirani na moto."

"Mwambie aihamishie ukuta wa karibu na mlango. Kuna hewa na kuna mwanga."

Alimwambia. Mama akakataa. Nikatuma ujumbe mara ya pili, kwa adabu zote, nikieleza habari za joto na moshi na karatasi. Akakataa tena, bila sababu. Nilikasirika, siwezi kusema uongo. Mtu unahangaika usiku na mchana kwa ajili yake, yeye anakushinda kwa neno moja tu, hapana.

Basi, kama picha haihami, ilibidi wino ndio uhame. Nilikwenda Arusha kwa fundi mmoja wa mashine za kuchapia, kijana mwenye maneno mengi ambaye namwombea heri hadi leo. Alinisikiliza, akaguna.

"Mzee, tatizo lako si printa, tatizo lako ni maji. Wino wako ni rangi iliyoyeyuka majini. Moshi ukiigusa, kwisha habari. Wewe unataka wino wa unga, chembe kabisa. Na kwa kazi hiyo yako ya moshi, unataka kaboni tupu."

"Kaboni ndiyo nini?"

"Masizi, bro. Masizi yaliyosagwa yakawa laini kuliko poda ya mtoto."

Aliniuzia wino huo katika ngazi zake, kuanzia mweusi wa kiza hadi kijivu kilichokaribia kuwa maji. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nyuso za watu wetu zilikuwa zinanishinda. Ngozi nyeusi ina weusi wa aina nyingi, wa paji la uso na wa chini ya kidevu si mmoja, na printa yenye wino mweusi mmoja inautia wote kwenye shimo moja. Tulikuwa tumezoea kuonekana hivyo kwenye picha, meno na macho, tukadhani ndivyo tulivyo.

Mashine ya kubeba ngazi zote hizo niliipata kwenye loji moja huku juu, ilikuwa imelala stoo baada ya duka lao la zawadi kufungwa. Hedi yake, kile kichwa kinachotema wino, ilikuwa imeziba kwa kukaa bure na kwa vumbi letu la kiangazi. Fundi alinielekeza kwa simu, nikailoweka, nikaipangusa, nikaibembeleza. Mke wangu alinipigia kelele kuhusu madoa kwenye meza ya chakula, kisha akanishikia tochi umeme ulipokatika. Nilijifunza kuifunika kwa kitambaa kibichi kila jioni ili wino usikauke kwenye matundu.

Ikabaki karatasi. Zile nyeupe pe nilizikataa mapema. Weupe wake ni wa dawa, kama shati lililotiwa bluu ya kufulia, na ukichakaa karatasi inageuka rangi ya meno ya mvuta sigara. Zipo karatasi za pamba, nzito, zisizong'aa, zenye weupe wa maziwa. Wino hauketi juu yake, unaingia. Niliagiza za aina kadhaa, nikachapa vipande vidogo vyembamba vya uso uleule, kila karatasi na kila wino, nikatia alama nyuma, mke wangu akavipeleka kwa mama yake avifunge kwenye fito za paa, juu kabisa ya moto. Nusu yavyo nikaomba avifukizie kama vibuyu.

Mke wangu aliporudi kutoka kuvipeleka alikuwa anacheka tangu mlangoni. Alikuwa amemweleza mama yake kwamba wino mpya umetengenezwa kwa masizi. Mama alitazama paa lake, akasema, "Paker amekwenda kununua masizi mjini? Si angeniambia, ningemkwangulia."

Hadi leo nikisalimiana naye hunikumbusha. Anauliza hali ya watoto, hali ya mifugo, halafu anauliza kama masizi ya nyumbani yametosha.

Vipande vilirudi baada ya msimu. Vya wino wa zamani vilikuwa karatasi tupu zenye harufu. Vya kaboni kwenye pamba vilikuwa vimekolea ukahawia kidogo kwenye sehemu nyeupe, na nyuso zilikuwa pale pale, zote. Nilivipanga kaunta nikavitazama mpaka wateja wakaniuliza kama nimefiwa. Nilikuwa na furaha, sura yangu tu ndiyo haijui kuionyesha.

Nikachapa picha ya shemeji upya, kubwa kidogo, mke wangu akaipeleka. Masika ikaingia, barabara ya juu ikawa tope. Siku moja yule jirani akapiga simu, na ujumbe ulikuwa mfupi, "Mwambieni Paker mtoto amepona." Mama alikuwa analala. Alikuwa anakula, na alikuwa ameanza tena kugombana na wake wa majirani, jambo ambalo mke wangu alilipokea kwa machozi.

Mvua zilipokatika nikapanda na mke wangu. Ukungu ulikuwa mzito tangu ukingo wa Kreta, na Nainokanoka hatukuona hata ng'ombe, tulisikia kengele zao tu. Niliketi kwenye kigoda changu nje. Tukasalimiana kupitia mlangoni kama kawaida. Aliuliza habari za masizi.

Kisha nikasikia wanateta ndani na binti yake. Akatoka. Alijitanda shuka hadi kichwani, akapita mbali nami uso ukiwa upande wa pili, akaenda kuketi penye zizi la ndama, mgongo akiwa ameuelekeza kwangu.

"Mama anasema ingia uone," mke wangu aliniambia. "Yeye atakaa kule mpaka utoke."

Niliinama nikaingia, nikafuata kona ya ukuta, kiza kikanipokea. Macho yalipozoea niliona mafiga na moto mdogo, na kitanda cha ngozi. Picha sikuiona. Niliitafuta kwenye kuta, juu, pale mtu anapotundika picha. Haikuwepo. Ilikuwa chini, hatua moja kutoka kwenye moto, kwenye usawa wa mtu aliyeketi. Ilinibidi nichutame. Uso wa shemeji yangu ulikuwa umetimia, paji, mashavu, kivuli cha chini ya mdomo, na mwanga wa moto ulikuwa unautembelea.

Nje mama alisema jambo bila kugeuka, na mke wangu akanitafsiria kutoka mlangoni.

"Anasema huyo tangu mdogo analia baridi. Mahali pake ni hapo."

Niliigusa karatasi pembeni kwa kidole. Ilikuwa ya moto. Nikatoka, maana mama mkwe wangu alikuwa ameketi nje kwenye ukungu kwa ajili yangu.